Waliotangulia: Rekodi za Klabu za Wageni, Kutoka Kericho Hadi Tokyo

Tarehe 10 Oktoba 1964, Kenya iliingia katika uwanja wa Olimpiki wa Tokyo kwa mara ya kwanza ikiwa nchi huru. Bendera ilibebwa na Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa, kijana wa jamii ya Wagoa ambao wazee wao walivuka bahari kutoka Goa, koloni la Ureno katika pwani ya magharibi ya India. Siku 6 baadaye, Wilson Kiprugut Chuma wa Kericho alimaliza wa tatu katika mbio za mita 800 na kuiletea Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Mbeba bendera wa kwanza wa Kenya huru alikuwa Mgoa, na mshindi wa kwanza wa medali alikuwa Mkipsigis wa nchi ya chai. Walivaa sare moja.

Rekodi hizi mbili husimuliwa mbalimbali, kana kwamba zilitokea katika nchi mbili. Naona ni makosa. Ukizifuatilia hadi mizizini unakuta jambo lile lile: watu wa tabaka la chini la utawala wa kikoloni, kila jamii na kiwanja chake na ukumbi wake, kwa sababu milango ya klabu za wakubwa ilifungwa. Rekodi kubwa kuliko zote walizotuachia zilipatikana siku walipotolewa kwenye viwanja hivyo vidogo na kuchanganywa.

Iliyo maarufu kuliko zote

Tuanze mbali kidogo, maana huko ndiko kwenye kipimo. Klabu ya wahamiaji Wareno yenye jina kubwa kuliko zote duniani ni Vasco da Gama ya Rio de Janeiro. Ilianzishwa tarehe 21 Agosti 1898, kwanza kwa ajili ya mashindano ya kupiga makasia, na jina lilichaguliwa kwa kuwa mwaka huo ilitimia miaka 400 tangu baharia mwenye jina hilo amalize safari ya India. Mtu wa pwani yetu anaijua safari hiyo kwa upande wake: Mombasa walimpokea kwa shuku, Malindi wakampa rubani wa kumvusha bahari, na mnara wa Wareno bado umesimama Malindi ukitazama maji.

Mwaka 1923, ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kucheza daraja la juu la Rio, Vasco ilitwaa ubingwa ikiwa na wachezaji weusi, machotara na vibarua ambao klabu za matajiri hazikutaka hata kuwaona uwanjani. Mwaka uliofuata klabu hizo zilianzisha ligi yao, zikaiambia Vasco iwafute wachezaji 12 ndipo ikubaliwe. Rais wa klabu, José Augusto Prestes, alijibu kwa barua ya tarehe 7 Aprili 1924, akakataa. Mwaka 1927 wanachama na mashabiki waliochangishana fedha wakafungua uwanja wa São Januário, mkubwa kuliko wowote Brazil wakati huo. Vikombe vya Vasco ni vingi, lakini kwangu barua ile inavishinda vyote.

Wagoa: wachache mno, rekodi nyingi mno

Wagoa wa Afrika Mashariki walikuwa raia wa Ureno hadi India ilipoitwaa Goa mwezi wa Desemba 1961. Walikuwa Wakatoliki, wenye majina ya Fernandes, D'Souza na Pereira, na serikali ya kikoloni nchini Kenya iliwahesabu kando na Wahindi wengine katika sensa. Kazi walizojulikana kwazo ni ukarani wa serikali na reli, uhasibu, upishi, uokaji mikate na ushonaji. Popote walipofika kwa idadi ya kutosha, kuanzia Zanzibar na Dar es Salaam hadi Nairobi, Kampala na Entebbe, walijenga klabu. Ilikuwa na ukumbi wa dansi wenye sakafu ya mbao, baa, meza za karata, na nje kiwanja cha magongo na kandanda. Tarehe 3 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Xavier, watu walivaa nguo zao bora kuliko zote.

Lakini wenyewe nao waligawanyika. Nairobi kulikuwa na Goan Institute, kisha katika miaka ya 1930 ikazuka Goan Gymkhana ya waliojiona wa daraja la juu, na washonaji wakawa na chama chao peke yao kilichochukua jina la Mtakatifu Fransisko. Mshonaji aliweza kumpima karani kiuno, akamkatia kitambaa, akamshonea suti ya dansi hadi kifungo cha mwisho, na jioni ile asikaribishwe kwenye dansi yenyewe. Jamii iliyofungiwa mlango na Wazungu ilikuwa na milango yake ya kufungia wengine. Hapo ndipo barua ya Rio inapowapita.

Hata hivyo, kwa jamii ndogo kama ile, rekodi zake zinashangaza. Daktari wa kwanza wa kujitegemea Nairobi alikuwa Mgoa, Rosendo Ayres Ribeiro, aliyezuru wagonjwa wake akiwa amempanda punda milia, na ndiye aliyeitambua tauni ilipoingia mjini mwaka 1902. Shule ya Wagoa iliyoitwa kwa jina lake ndiyo iliyokuja kuwa kitalu cha wachezaji wa magongo wa taifa. Mwanasiasa wa kwanza kuuawa katika Kenya huru alikuwa Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Na mwenye damu ya Kigoa aliyepanda cheo kuliko wote ni Joseph Murumbi, Makamu wa pili wa Rais wa Kenya mwaka 1966, mtoto wa mfanyabiashara Mgoa na mama Mmaasai, aliyezaliwa Eldama Ravine mwaka 1911.

Antao mwenyewe alianza na kandanda kabla ya kushawishiwa kukimbia. Mwaka 1962, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth, Australia, alishinda yadi 100 na yadi 220. Hakuna Mkenya aliyekuwa amepata dhahabu katika michezo hiyo kabla yake. Leo tumezoea kusema kwamba Kenya ni nchi ya mbio ndefu, tukasahau kwamba dhahabu zake za kwanza za Madola zililetwa na mtimkaji wa mbio fupi kutoka Makadara, Mombasa. Ilichukua miaka 60 kwa Mkenya mwingine kushinda mbio fupi kuliko zote katika michezo hiyo: Ferdinand Omanyala, mita 100, Birmingham, 2022. Antao alikuwa amefariki London mwaka 2011, bila kumwona mrithi wake.

Kericho: reli, karakana na chai

Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901 baada ya kupita Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion, na Fort Ternan. Mafundi Masingasinga walikuja na reli hiyo, na wengine wakabaki kwa sababu nchi ilihitaji watu wa kufua chuma na kuranda mbao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali iliwagawia maafisa wa jeshi waliojeruhiwa ekari zipatazo 25,000 za ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa Wakipsigis, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya James Finlay ilikuwa imenunua ardhi ile, huku Brooke Bond nayo ikipanda chai jirani. Wenyeji waligeuzwa maskwota kwenye ardhi ya baba zao. Vibarua wakaletwa kutoka Nyanza na Magharibi: Waluo, Wakisii, Waluhya.

Mji uliojengwa juu ya mpango huo ulikuwa na michezo iliyopangwa hivyo hivyo. Wazungu wa mashamba walikuwa na klabu yao na gofu yao. Wahindi walikuwa na maduka yao na nyumba zao za ibada. Vibarua walikuwa na kiwanja cha mpira kando ya laini za nyumba za kampuni, na majani ya chai yakikizunguka pande zote.

Kutoka kwa mafundi wale Kericho ina rekodi ambayo vijana wengi wa mjini hawaijui. Joginder Singh, dereva wa kwanza kushinda Safari Rally mara 3, alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Alishinda mwaka 1965 akiwa na mdogo wake Jaswant katika Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika, kisha 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi. Idadi hiyo ilikuja kupitwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara 5, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Lakini rekodi ya Joginder ninayoithamini zaidi haihusu kushinda. Aliingia Safari mara 22 akamaliza mara 19. Enzi zile mbio ziliendeshwa kwa maelfu ya kilomita za matope, mawe na mito iliyofurika wakati wa Pasaka, na magari mengi yalivunjika njiani. Aliyefika mwisho karibu kila mara alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Aliusikiliza mtambo, akajua lini auhurumie.

Nyumba ya ibada ya Masingasinga ya Kericho hutajwa kuwa kubwa kuliko zote za dini hiyo barani Afrika. Imejengwa kumkumbuka Puran Singh, fundi aliyekuwa na karakana mjini humo kabla ya kuhamia Uingereza katika miaka ya 1970, ambako wafuasi wake walianzisha kituo kikubwa katika mtaa wa Handsworth, Birmingham. Jina lake la heshima huko linabeba jina la Kericho hadi leo. Mgeni yeyote anayepita barabara ya Kisumu anaweza kuingia, akavua viatu, akafunika kichwa, akala bure jikoni pamoja na wote walioketi sakafuni. Katika klabu na kumbi zote ninazozitaja hapa, ndio mlango uliofunguliwa kwa upana zaidi.

Nafasi ya juu kuliko zote: magongo

Sasa turudi Tokyo. Timu ya magongo ya Kenya ya mwaka 1964 ilimaliza ya sita, nafasi bora kuliko zote ambazo nchi hii imewahi kupata katika magongo ya Olimpiki. Katika timu za miaka ile ya 1960 walikuwamo akina Fernandes wa kutosha kumchanganya mtangazaji: Hilary, Edgar, Egbert, Leo, Silvester. Alikuwamo Alu Mendonca. Na kando yao Masingasinga, wakiongozwa na Avtar Singh Sohal, nahodha katika Olimpiki 3 na mchezaji katika 4, ambaye kitabu cha Guinness kilimwandika kwa mechi 167 za kimataifa kati ya 1957 na 1972.

Jumapili, Wagoa na Masingasinga hawa walikuwa wapinzani. Goan Institute ikipambana na Sikh Union, kila upande na wazee wake, kila upande na jukwaa lake. Jumatatu walikuwa kikosi kimoja cha Kenya, na Mgoa akimpasia Singasinga bila kuangalia kwa sababu alijua hatua zake tangu shuleni. Ushindani wa klabu ndio uliowanoa. Lakini nafasi ya sita haikuwa ya klabu yoyote.

Kilele kilikuwa Barcelona, Oktoba 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na wenyeji Uhispania bao 1 kwa 0, kisha ikapoteza nafasi ya tatu kwa India, mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Ya nne duniani. Hakuna timu ya Kenya iliyowahi kusogea karibu na hapo tena katika magongo, na sababu haihitaji uchunguzi mrefu. Baada ya uhuru, wasio na uraia walipewa miaka 2 kuuomba, kisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967 zikawabana waliobaki bila huo. Mwanzoni mwa 1968 ndege za London zilijaa, watu wakiwahi kabla Uingereza nayo haijafunga mlango, jambo ililofanya mwezi wa Machi. Pamoja nao waliondoka walimu wa michezo, waamuzi, mafundi wa kuchonga magongo, na watoto ambao wangekuwa timu ya 1976. Kenya ilijikatia yenyewe tawi lililokuwa na matunda.

Medali ya kwanza, kwa karibu

Turudi kwa Kiprugut, maana nchi ya chai ina haki ya kulitazama jambo hili polepole. Alikuwa mwanajeshi. Fainali ya Tokyo ilikuwa na Peter Snell wa New Zealand, bingwa mtetezi, aliyeshinda kwa dakika 1 na sekunde 45.1. Bill Crothers wa Kanada alifuata kwa 1:45.6. Nyuma yao Kiprugut na George Kerr wa Jamaika walifika pamoja, wote wakaandikiwa 1:45.9, na waamuzi wakampa Kiprugut shaba. Medali ya kwanza ya nchi ambayo leo haihesabu tena medali zake kwa vidole ilipatikana kwa kifua kilichotangulia kwa unene wa shati.

Mwaka 1965, katika michezo ya kwanza ya Afrika huko Brazzaville, alitwaa dhahabu za mita 400 na 800. Mexico, mwaka 1968, aliongoza fainali ya mita 800 kwa sehemu kubwa, hadi Ralph Doubell wa Australia alipompita mwishoni na kuifikia rekodi ya dunia, 1:44.3. Kiprugut alipata fedha kwa 1:44.5. Alifariki Novemba 2022. Mwaka uliofuata, Sikukuu ya Mashujaa ya kitaifa ilifanyiwa Kericho.

Mpira wa laini

Nimeacha kandanda mwisho kwa sababu ndiyo yenye watu wengi kuliko yote. Mashindano kongwe zaidi ya timu za mataifa barani Afrika yalianzia Nairobi mwaka 1926, Kenya dhidi ya Uganda, kwa kombe lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Gossage. Ndiyo yaliyokuja kuwa Kombe la Chalenji la CECAFA. Bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa ya Kenya, mwaka 1963, alitoka Bonde la Ufa, Nakuru All-Stars. Baada ya hapo vikombe vilihamia kwa klabu za jamii: Luo Union 1964, Feisal ya Mombasa 1965, Abaluhya 1966 na 1967, Gor Mahia 1968.

Kibarua wa Siaya au Kakamega aliyekuwa akichuma chai Kericho hakuwa na klabu mjini, lakini alikuwa na redio, na sauti ya Leonard Mambo Mbotela ilimfikisha uwanjani. Kwake Gor au Abaluhya ilikuwa nyumbani. Serikali ilipoagiza majina ya kikabila yaondolewe, mwaka 1980 Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union, na Gor Mahia ikaeleza kwamba herufi zake zinasimama kwa Gulf Olympic Rangers. Majina yalibadilika, mashabiki hawakubadilika. Ni Gor hiyo hiyo iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987 mbele ya Espérance ya Tunisia, kwa bao la ugenini. Hakuna klabu nyingine ya kandanda ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara.

Kwenye mashamba yenyewe, mpira ulichezwa laini kwa laini, shamba kwa shamba. Mpira ukipigwa nje haupotei mbali: unatumbukia katikati ya michai, na anayeufuata anarudi suruali imelowa hadi magotini. Kericho hutajwa miongoni mwa mahali panaponyeshewa mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mawe hayo yakianza saa nane mchana, mechi inahamia chini ya paa la mabati la ukumbi hadi yaishe. Timu hizi hazikuandikwa popote. Na ndizo zilizokuwa, kwa miongo mingi, mahali pekee ambapo Mkisii, Mluo, Mluhya na Mkipsigis walivaa jezi moja.

Hilo halikutosha kuwalinda. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, washambuliaji waliingia katika mashamba ya Unilever Kericho wakiwatafuta wafanyakazi wa jamii nyingine. Watu 7 waliuawa. Wafanyakazi na jamaa zao 218 walifungua kesi London dhidi ya kampuni mama, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba haikuwa na wajibu kwao. Waliozaliwa kwenye laini zile, na baba zao kabla yao, bado walihesabiwa kuwa wageni.

Timu ya Kericho iliyopanda juu zaidi katika miaka ya karibuni ni Zoo, iliyoingia Ligi Kuu mwaka 2017 na kushangaza wakubwa kadhaa kwa bajeti ya mji mdogo. Mwaka 2021 FIFA iliishusha kwa kosa la kupanga matokeo. Iliumiza, na iliumiza zaidi kwa kuwa vijana wengi wa kikosi hawakuwa na pa kwenda. Upande wa Bomet, Silibwet wamefika daraja la pili la taifa.

Serikali za kaunti za Kericho na Bomet zina ofisi za michezo na zina bajeti ya utamaduni. Wapo wazee waliostaafu kutoka mashambani, Kapkatet, Litein, Sotik, Kapsoit, wanaokumbuka nani alikuwa kipa wa shamba gani na nani alimfunga nani. Wapewe kinasa sauti na mtu wa kuwasikiliza, mwaka huu huu, na picha zao za timu zinakiliwe kabla unyevu haujazila. Ligi za mashamba hazina kitabu cha rekodi, na wenye rekodi hizo wako hai.